Wauzaji wa haibridi watuambie kilomita zao zimepimwa wapi

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua. Mimi ni dereva wa teksi hapa Malindi, huu ni mwaka wa kumi na sita. Kabla ya hapo nilikuwa nahodha wa boti za kupeleka wageni kwenye mbuga ya baharini, na wageni wakiadimika, za kuvua. Nimeanza na bahari kwa sababu huko ndiko nilikojifunza kupima mafuta. Ukiwa nje ya mwamba na upepo wa kusi umeanza kukaza, maneno ya aliyekuuzia mashine hayakufai kitu. Unachotegemea ni dumu: liliondoka na lita ngapi, limerudi na ngapi, na mlifika wapi. Hayo nilikuwa nikiyaandika kwenye daftari, na nilipohamia barabarani nikahama nalo.

Ninachotaka kusema kinahusu magari ya haibridi, haya yenye injini ya petroli pamoja na mota ya umeme, na hasa ile nambari inayobandikwa kwenye kioo pale yadini, magari yanapouzwa. Lita moja, kilomita 35. Nambari ile imewaingiza watu kwenye madeni wasiyoyaweza, na mmoja wao ni mwana wa dada yangu.

Kwanza niseme yangu. Oktoba 2023 EPRA, mamlaka ya nishati inayopanga bei za mafuta Kenya, ilitangaza petroli shilingi 217.36 kwa lita jijini Nairobi, na huku Pwani hatukuwa mbali na hapo. Nilikuwa na Toyota Fielder ya petroli tupu. Ilinilea vizuri, lakini daftari lilikuwa likinionyesha kilomita 12.8 kwa lita, na kwa bei ile nilikuwa nafanyia kazi kituo cha mafuta, si nyumba yangu. Nikaiuza. Nikaenda yadi moja Mombasa nikakuta Toyota Aqua ya mwaka 2012, rangi ya fedha. Jina la yadi silitaji, maana karatasi kama ile nimeiona pia kwenye yadi nyingine. Ilibandikwa kwenye kioo cha mbele kwa herufi kubwa: HAIBRIDI, LITA 1 = KM 35. Kijana muuzaji akaniambia, "Mzee, hili halinywi mafuta, linanusa tu."

Nilinunua. Sijutii kununua, na nitaeleza kwa nini. Lakini ile nambari nimeitafuta miezi 14 na sijaiona hata siku moja.

Daftari langu linasema hivi. Katika miezi hiyo nimeenda kilomita 38,640 na nimejaza petroli lita 2,100, kwa kujaza mara 71. Ukigawanya ni kilomita 18.4 kwa lita. Matangi niliyomaliza ndani ya mji peke yake, Barani, Maweni, Shella, Casuarina, Lamu Road, yananipa 20 na nukta. Matangi ya barabara ya Mombasa kwa mwendo wa 100 yananipa 17. Njia ya Marafa, vumbi na mashimo na watu wanne na mizigo yao, nimewahi kupata 15.

Najua wako watakaosema mzee huyu hajui kupima. Basi nieleze ninavyopima. Najaza kituo kilekile, pampu ileile, gari limesimama palepale penye alama ya oili iliyomwagika sakafuni. Najaza mpaka pampu ikate yenyewe mara ya kwanza, halafu namwambia kijana wa pampu asiguse tena. Hapa ndipo wengi huharibu. Kijana hupenda kuongeza kidogo kidogo ili hesabu ifike 4,000 kamili, na ile nyongeza pengine ni nusu lita leo, robo kesho, na hesabu yako yote imeshapinda. Mimi nalipa 3,847 kama ni 3,847. Kisha naandika kilomita nilizoenda tangu nijaze mara iliyopita, nazigawanya kwa lita nilizoweka sasa hivi, si kwa zile za mara iliyopita. Lita unazoweka leo ndizo zilizoliwa na safari iliyokwisha. Na tangi moja silitolei hukumu. Pampu inaweza kukata mapema, gari likawa limeinama kidogo, ukaona 23 ukashangilia, na tangi linalofuata likakupa 16. Natazama matangi kumi kwa pamoja.

Ile nambari ya dashibodi nayo siifuati. Langu bado lina maandishi ya Kijapani, lakini kilomita kwa lita inasomeka vizuri. Huwa inanionyesha 19.5 pale ambapo risiti inasema 18.4. Haiko mbali sana, ila kila mara inakosea upande uleule, wa kunifurahisha. Mwenye kujenga hesabu ya mkopo juu yake ataumia polepole.

Sasa 35 ilitoka wapi? Hili lilinisumbua, maana sikutaka kumwita mtu mwongo bila kujua. Nilimwomba binti yangu, anayesomea umekanika chuoni, anitafutie. Tukakuta kwamba nambari yenyewe ni ya kweli. Aqua ilipotoka Japani Desemba 2011 ilitangazwa kilomita 35.4 kwa lita. Ilipimwa kwa kipimo cha Kijapani kinachoitwa JC08. Na hapo ndipo niliposhika kichwa. Katika kipimo kile gari linawekwa juu ya magurudumu ya chuma ndani ya jengo, linaendeshwa dakika 20, kama kilomita nane tu. Mwendo wa wastani, ukihesabu na kusimama, ni kilomita 24 kwa saa. Mwendo wa juu kabisa haufiki 82. Kiyoyozi kimezimwa. Hakuna upepo wa usoni, hakuna Marafa.

Wamarekani waliuziwa gari hilohilo kwa jina la Prius c, na kipimo chao ni kikali zaidi. Tangu magari ya mwaka 2008 wanapima pia kwa mwendo mkali, na wanapima kiyoyozi kikiwa kimewashwa kwenye joto la nyuzi 35. Hilo joto tunalijua. Kwao gari hili lilipata maili 53 kwa galoni mjini na 46 kwenye barabara kuu. Kwa hesabu yetu ni kilomita 22.5 na 19.6 kwa lita. Tazama tena daftari langu: 20 na 17, gari la miaka kumi na kitu, lenye abiria na masanduku. Yaani Wamarekani walikuwa wameshaniambia ukweli karibu wote, ila hakuna aliyeubandika kwenye kioo pale Mombasa.

Na kuna jingine lililonigusa zaidi. Wamarekani walipobadilisha kipimo hicho, Prius ya kizazi cha pili, iliyokuwa ikiandikiwa maili 60 kwa galoni mjini, ikashuka hadi 48. Gari halikubadilishwa hata msumari. Kilichobadilika ni namna ya kupima. Kwa hiyo anayekutajia kilomita bila kukutajia kipimo hajakwambia kitu, ni sawa na mtu akuuzie kitambaa mikono mitano bila kukwambia ni mikono ya mtoto au ya mtu mzima.

Kwa nini mjini nipate 20 na barabara kuu 17, wakati ile Fielder ilikuwa kinyume chake? Wateja huniuliza sana. Haibridi faida yake kubwa ni kusimama na kuondoka. Ukikanyaga breki, mota inageuka kuwa jenereta, na nguvu ambayo gari la kawaida huiyeyusha kuwa joto la breki inarudi kwenye betri. Ukiondoka, umeme huo unakusukuma na injini imelala. Matuta yetu, ambayo kila mtu anayalaani, kwangu ni afadhali kuliko yalivyokuwa kwa Fielder, maana kila tuta nalipwa sehemu ya nilichotumia. Foleni ya Mtwapa, iliyokuwa ikiila Fielder yangu mpaka sindano ya mafuta naiona ikishuka, siku hizi ndipo gari linapopumzika. Injini imezima, tunasogea kwa umeme, kimya.

Lakini ukishapita Kilifi, barabara imefunguka, hakuna breki. Hakuna cha kurudisha. Injini ndiyo inayobeba mzigo wote, na ni injini ya lita moja na nusu tu. Hapo adui ni hewa. Ukitoka 80 kwenda 100, nguvu ya hewa inayokuzuia inaongezeka kwa zaidi ya nusu. Nimejaribu mwenyewe mwezi mzima: njia ileile ya Mombasa, kwa 80 nikapata 20, kwa 100 nikapata 17. Tofauti ya muda Malindi hadi Mombasa ilikuwa dakika 15, pengine 20, kwa sababu matuta na malori yanamsawazisha kila mtu.

Upepo nao, waliotoka baharini watanielewa. Julai, upepo wa kusi ukivuma, ukielekea Mombasa unakuja nao usoni, na ukirudi unakusukuma mgongoni. Mara tatu nilijaza kulekule Mombasa ili nitenganishe kwenda na kurudi: kwenda nikapata 16 na kidogo, kurudi karibu 19. Pampu zilikuwa mbili tofauti, kwa hiyo siishiki nambari hiyo kwa meno, lakini mkono wangu kwenye usukani ulikuwa umeshaniambia.

Halafu kuna kusubiri, na kwa sisi wa teksi hili ndilo linalokula bila mtu kuliona. Januari, kaskazi, mchana wa jua kali, nilikuwa uwanja wa ndege wa Malindi na mama mmoja mtu mzima, amekuja kumpokea mwanawe kutoka Nairobi. Ndege ikachelewa. Mama ana presha, joto halimfai, nikaacha kiyoyozi kikiwaka. Kiyoyozi cha gari hili kinaendeshwa kwa umeme wa betri, kwa hiyo injini ilikuwa imezima na unasikia feni tu. Nikatazama mchoro wa betri kwenye dashibodi. Visanduku vinashuka kimoja kimoja, polepole, kama maji ya mtungi wenye ufa. Vilipobaki viwili gari likatetemeka kidogo, injini ikawaka yenyewe bila mimi kugusa kitu, ikanguruma dakika mbili tatu, ikazima. Visanduku vikaanza tena kushuka. Nikatoa daftari nikawa napiga mstari kila ikiwaka. Kwa saa moja na robo iliwaka mara 11. Mita ya kilomita haikusogea hata nukta moja, na petroli ilikuwa inakwenda. Simlaumu mama wa watu na kesho nitafanya vilevile, lakini siku kama hiyo inashusha tangi zima, na hakuna kipimo cha Japani wala cha Marekani kinachomweka dereva juani saa moja na robo akisubiri ndege.

Sasa nije kwa mwana wa dada yangu, ambaye ndiye aliyenifanya nishike kalamu.

Yeye alinunua Aqua kama yangu mwaka jana, kwa mkopo wa Sacco, marejesho shilingi 22,500 kwa mwezi. Kazi yake ni kupeleka wageni kwenye stesheni ya treni ya Miritini, Mombasa, na kuwachukua wanaofika. Safari ya kwenda na kurudi ni kama kilomita 250. Alipokwenda kukubaliana bei na wakala wa wageni, alichukua kilomita 35 za kwenye karatasi, akagawanya, akapata lita saba na kidogo. Kwa petroli ya shilingi 180 ni kama 1,290. Akaweka faida yake juu, akatia saini bei hiyo kwa miezi mitatu. Barabarani akawa anapata 17. Lita 14.7. Shilingi 2,650. Kila safari alikuwa anapoteza karibu 1,400 alizodhani ni zake, na alikuwa na safari kumi na mbili kwa mwezi.

Hakuja kwangu mapema. Aliona haya. Alidhani gari lake linaumwa, maana karatasi ilisema 35 na yeye anapata nusu yake. Akaenda kwa fundi. Fundi akabadilisha plagi, akasafisha alichosafisha, akamwambia betri ya haibridi imekufa, alete shilingi 85,000 amwekee nyingine. Ndipo usiku mmoja akaja nyumbani na risiti zake kwenye mfuko wa plastiki, akakaa kwenye mkeka, akaniambia, "Mjomba, gari limenishinda. Nataka kulirudisha." Kijana wa miaka 27, mke ana mimba, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelia njiani.

Tukazitandaza risiti. Nyingine zilikuwa zimefifia, hazisomeki. Zilizosomeka tukazipanga kwa tarehe. Asubuhi yake tukajaza tangi pamoja kwa utaratibu wangu, akaenda safari zake, tukajaza tena. Ilikuwa 17 na kidogo, kwenda na kurudi Miritini kwa mwendo wake wa 100 na zaidi, kiyoyozi wazi. Gari halikuwa linaumwa. Lilikuwa linafanya kile ambacho gari la namna ile hufanya kwenye barabara ile. Kilichokuwa kibovu ni nambari aliyopewa.

Betri haikuwa imekufa, lakini tuliikagua kwa sababu mafundi wachache huku wanakumbuka kutazama mahali penyewe. Betri kubwa ya Aqua iko chini ya kiti cha nyuma na ina feni yake ya kuipooza, inayovuta hewa kutoka ndani ya gari, palepale wanapokaa abiria. Tulipofungua tulikuta vumbi jekundu la njia za bara limeshikana na nyuzi za mazulia na nywele, limekuwa kama sufi ya mto. Tuliutoa uchafu huo kwa vidole kwanza, ndipo tukapitisha brashi. Tairi la nyuma nalo halikuwa na upepo wa kutosha kulingana na kibandiko cha mlangoni. Hayo yote yalimgharimu asubuhi moja na soda mbili. Kama angefuata ushauri wa kwanza angekopa tena 85,000 kununua betri asiyoihitaji, ili alifikie lengo ambalo betri mpya kabisa isingelifikia. Nikifikiria hapo nasikia hasira mpaka leo. Nambari moja iliyobandikwa bila maelezo ilikaribia kumwingiza kijana kwenye deni la pili.

Nisieleweke vibaya. Kuna wenzangu kwenye foleni ya teksi wakisikia haya husema, basi haibridi ni uongo, bora mafuta tu. Si kweli, na daftari lilelile linawakataa. Kilomita zangu 38,640 kwa Fielder zingekula lita 3,019. Nimetumia 2,100. Hizo ni lita 919 zilizobaki, na kwa shilingi 180 ni zaidi ya 165,000 katika miezi 14, karibu 11,800 kila mwezi. Kwa pesa hizo nimelipa karo ya binti yangu. Kwa dereva wa mjini, wa foleni, wa kusimama kila kona, gari hili ni neema. Kwa anayekwenda barabara kuu tupu kila siku bado ni zuri, ila faida yake inapungua, na inambidi ajue hivyo kabla hajatia saini popote.

Lakini fanya hesabu ya pili. Kama 35.4 ingekuwa kweli, ningetumia lita 1,092 tu. Tofauti kati ya ahadi na ukweli ni lita 1,008, zaidi ya shilingi 181,000, karibu 13,000 kila mwezi. Mtu anayekopa kwa kufuata karatasi ya kwenye kioo anaanza mkopo na shimo la 13,000 ambalo halioni. Mimi niliponea kwa sababu nilinunua kwa pesa ya Fielder na akiba. Vijana wengi hawana hiyo.

Kifungu cha 46 cha Katiba yetu kinampa mnunuzi haki ya kupata habari zinazomwezesha kufaidika kikamilifu na bidhaa anayonunua. Sioni habari ipi ya gari ni kubwa kuliko hii kwa mtu anayelitafutia riziki. Ninachoomba si kikubwa. Muuzaji akibandika kilomita kwa lita, aandike chini yake kipimo kilichotumika na mwaka wake. Wajapani wenyewe wameshaacha JC08. Kipimo chao cha sasa, WLTC, kinatoa nambari tatu: ya mjini, ya pembeni mwa mji na ya barabara kuu. Magari hayo mapya zaidi yanaanza kuingia nchini, na karatasi zake zinakuja na nambari hizo zote. Lakini ninaona yadini bado wanachagua moja, ile kubwa, na kuziacha mbili. Waziandike zote tatu. Wino ni uleule.

Kwa Sacco zetu naomba pia. Mnapokaa na kijana kupitia hesabu ya mkopo wa gari la kazi, msikubali nambari ya yadi. Muulizeni anaendesha wapi, mji au barabara kuu, halafu mpigieni hesabu kwa kiwango cha chini. Hapa Malindi peke yake wako madereva wa kutosha wenye Aqua, na Axio za haibridi, na Fielder za haibridi, wanaoweza kuwaambia wanapata ngapi. Tuiteni, tutakuja na risiti.

Na kwako Mhariri, tangazo la gari likija mezani kwako likiwa na kilomita kwa lita, tafadhali mrudie aliyeleta umuulize imepimwa vipi, kabla halijachapishwa. Huku kwetu kikishatoka gazetini watu hukikata wakakiweka.

Mwana wa dada yangu hakulirudisha gari. Alikwenda kwa wakala na risiti zake, akaeleza bila kuficha, na bei ya safari ya Miritini imeongezwa shilingi 1,000 kuanzia mwezi huu. Anakwenda kwa 80 sasa. Wiki iliyopita nilimkuta kituoni anabishana na kijana wa pampu aliyetaka kumwongezea ifike 4,100. Amenunua daftari lake, la jalada gumu, analiweka kwenye mfuko wa mlango. Mstari wa kwanza ameandika km 412, lita 22.3, na pembeni, kwa mwandiko mdogo: kiyoyozi nusu njia, upepo wa mgongoni kurudi.

Wako,
Dereva wa teksi,
Barani, Malindi.